Mtu Asiyesalimiwa Migato

Bariadi, Simiyu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Goti linaendeleaje? Mama ameniambia unapanda kwenye kahawa kama kijana, unarudi unachechemea, na ukiulizwa unasema umejikwaa. Unajikwaa kila siku, Baba? Naomba uende hospitali wakakutazame vizuri, na usimwambie daktari kwamba hujambo kabla hajakushika. Mimi huku ni mzima. Chakula napata, usingizi napata, ila hewa ya kwetu naikumbuka sana, maana huku milima wanayoniambia ni milima, wewe ungeipanda na hilo hilo goti bovu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatufiki mbali. Nilipokueleza kwamba kazi yangu ni kusimamia watu waliohukumiwa kutumikia adhabu zao nje ya gereza, ulisema, "Mwizi mahali pake ni ndani," ukampa Mama simu. Wewe umestaafu uaskari magereza kwa mshahara tu, funguo bado unazo kichwani. Leo hakuna simu ya kumpa Mama, itabidi unisikilize mpaka mwisho.

Ofisini tumeambiwa tukusanye maoni ya wananchi. Kuna mapendekezo kwamba watu wenye makosa madogo wasirundikwe gerezani, watumikie vijijini kwao kwa kufanya kazi za jamii: kuchimba mitaro, kufyatua matofali ya shule, na kadhalika. Nilikuwa nayaunga mkono kwa moyo wote, na nilidhani kazi yangu ni kuwaelewesha watu tu. Kumbe mwenye kueleweshwa nilikuwa mimi.

Nikuambie habari za Masunga. Huyu ni mkulima wa Migato, wilaya ya Itilima, ana mke na watoto wadogo. Msimu wa kulima ulipokaribia aliiba plau ya jirani yake, mjane mmoja anayeitwa Mayu Nkwimba. Mayu kwa Kisukuma ni mama. Plau huku si kitu cha kuchezea, ndiyo jembe la kukokotwa na ng'ombe, na asiye nayo analima baada ya wote au halimi. Masunga akawauzia wanunuzi wa vyuma chakavu. Walipobanwa, plau ilikuwa imeshapelekwa Malampaka kwenye reli pamoja na mabati na vyuma vingine, haikuonekana tena. Mahakamani alikiri. Hakimu akaona ni kosa la kwanza, akamwachia atumikie adhabu yake kwa kufanya kazi kwenye zahanati inayojengwa kijijini kwao. Lakini alitoa onyo mbele yangu: kazi isipoenda sawasawa, Masunga anakwenda gerezani kutumikia muda wote. Na mke wake ni mjamzito wa miezi ya mwisho.

Nilipokwenda kumkagua mara ya kwanza nilimkuta peke yake, anachanganya udongo. Nikauliza mafundi wako wapi, na akina mama wanaochota maji wako wapi. Aliinama akaendelea kuchanganya. Mimi kwa malezi yenu nikampa mkono, nikamwamkia, "Mwangaluka," ndiyo salamu yao ya asubuhi, nikakaa naye chini ya ukuta tukala michembe aliyokuja nayo kwenye kitambaa. Ni viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa, vizuri sana na karanga. Nikajiona afisa niliye karibu na wananchi.

Nilipomaliza nikamwendea kijana wa bodaboda aliyenileta, anaitwa Limbu, nikamwambia tuondoke. Hakunitazama. Akaipigapiga pikipiki yake kwenye tangi, akaiambia, "Pikipiki yangu, mwambie huyo dada kwamba siwezi kumbeba. Mwambie amemsalimia mtu wa kutosalimiwa, na amekula naye. Nami nina mke na ng'ombe hapa kijijini, sitaki makubwa."

Nilicheka, nikidhani ni utani wa Kisukuma. Limbu akawasha akaondoka. Nilipita kwa mama muuza vitumbua, akageuka upande wa pili. Duka likafungwa nikiwa nimefika mlangoni. Nilitembea kwa miguu mpaka barabarani kwenye udongo ule mweusi unaong'ang'ania viatu, na njia nzima hakuna aliyeniitikia. Baba, unajua mimi si mtu wa kulia ovyo. Nililia. Nilijiona kama sipo duniani, na huo ulikuwa mchana mmoja tu.

Mtendaji wa kijiji ndiye aliyenifafanulia, tena kwa simu. Sungusungu, hawa walinzi wa jadi, walikaa kikao wakamtenga Masunga. Aliyetengwa hasalimiwi, hauziwi chumvi, haombwi wala hapewi moto, na ng'ombe wake wakipotea hakuna atakayetoka kuwatafuta. Anayemsemesha naye anaingia humo humo. Ndiyo maana mafundi walikimbia, na akina mama waliacha kuchota maji. Mimi nilimleta Masunga aijenge zahanati, na kwa kumleta pale nikaisimamisha.

Nilikasirika. Nikarudi na gari la ofisi, nikaomba kupitia mtendaji nionane na mkuu wao, ambaye wanamwita ntemi. Usifikirie babu mwenye mkongojo. Ni mwanamume wa makamo, analima pamba, siku hiyo alivaa jezi ya mpira na simu mbili zikimlia mfukoni. Tulikaa kwenye godauni la pamba na wenzake na mtendaji, nikaruhusiwa kusemeshwa kwa kikao hicho, na Mayu Nkwimba naye aliitwa. Nikawaeleza kwamba kisheria hawana mamlaka ya kumtenga mtu. Wakasema, "Wabeja, tumesikia," maana yake asante, wakanyamaza. Nikaona hapa sheria imepokelewa kama mgeni anayepewa kiti halafu hakuna anayezungumza naye.

Ndipo ntemi akasema, "Dada, huku kwetu usiku ng'ombe wanalala zizini na watu wanalala. Yowe likipigwa, kijiji kizima kinatoka, hata mwenye homa. Unadhani ni kwa nini? Ninyi mkimfunga mtu, mnamlisha. Sisi hatumlishi, hatumpigi, hatumsemeshi tu. Nani mkali hapo?"

Nikamjibu kwamba Masunga anaijengea jamii zahanati, kwa hiyo analipa.

"Zahanati haikuibiwa plau," akasema.

Nikatazama mapendekezo yangu yaliyopigwa chapa vizuri, yana wafungwa, yana gharama za magereza, yana usalama wa raia, lakini mwenye plau hayumo popote. Nikamgeukia Mayu Nkwimba, nikamuuliza yeye anataka nini. Aliniangalia kwanza kuona kama namtania.

"Mimi nataka kumtukana," akasema.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Tangu Masunga achukue plau yangu sijamwambia neno hata moja. Kule mahakamani niliambiwa nijibu ninachoulizwa tu. Wakaniuliza kama plau ni yangu, nikasema ni yangu, wakaniambia nikae. Nimerudi kijijini, naambiwa nisimsemeshe. Nimechelewa kupanda, pamba yangu ni fupi kuliko ya wote, majani yanaila, na mtu aliyenifanyia hivyo anapita mbele ya mlango wangu kila siku, na mimi ndiye ninayefunga mdomo. Sasa aliyetengwa ni yeye au ni mimi?"

Baba, niliona aibu, na siyo mimi peke yangu. Ntemi alizima simu zake zote mbili. Walizungumza Kisukuma kwa muda mrefu, wengine wakali, na shemeji yake Mayu ndiye mkali kuliko wote, hakutaka kabisa. Mwishowe wakakubali kwamba Masunga aitwe, na Mayu aseme yaliyo moyoni, na baada ya hapo yeye mwenyewe aamue kama kutengwa kuendelee au kuishe.

Masunga akaja na udongo mikononi. Mayu Nkwimba akasimama, akamsema! Kwa Kisukuma chote alichonacho. Mimi nilishika nusu, mengine mtendaji alininong'oneza. Alimwambia ya pamba, ya kupigia watu magoti kuazima plau, ya mumewe aliyeinunua plau ile mwaka walipovuna vizuri. Kilichonichoma ni aliposema, "Umekula kwangu siku ngapi za kulima? Ungeniomba, si ningekupa?" Masunga alisimama vile vile, machozi yanamshuka bila kuyafuta. Mwishowe Mayu akamwambia kwamba kuanzia hapo, akitoka zahanati jioni, atakwenda kumpalilia pamba mpaka ivunwe. Masunga akaitikia kwa kichwa. Mayu akavuta pumzi.

"Haya," akasema. "Mwadila, Masunga." Ndiyo salamu yao ya mchana.

Masunga alifungua mdomo, sauti haikutoka. Akajaribu tena. "Mwadila, mayu," akasema kwa sauti ya mtu aliyetoka kuugua. Kisha akazunguka godauni lote akimwamkia mmoja mmoja, kwa jina, na habari za nyumbani, na habari za ng'ombe, na wote wakamwitikia isipokuwa yule shemeji, aliyetoka nje akasimama juani. Tulichelewa sana kumaliza. Hakuna aliyelalamika.

Sasa mafundi wamerudi. Nilimweleza hakimu yote. Amesema kazi iliyo kwenye hukumu ni ya jamii tu, shamba la mtu binafsi hawezi kuliandika, lakini Masunga anachokifanya jioni kwa hiari yake ni juu yao wawili, na zahanati ikienda vizuri hatapelekwa gerezani. Nilipumua. Mke wake amejifungua salama mtoto wa kike. Kwenye ripoti yangu nimependekeza kwamba kabla ya adhabu yoyote ya nje, aliyekosewa asikilizwe mpaka amalize, na sehemu ya kazi iende kwake. Bosi wangu amesema ni wazo zuri ila nilifupishe. Sijui wakubwa wataliona au litaishia kwenye kabati. Sisemi kwamba kutenga watu ni kuzuri, maana kutengwa nimekuonja. Wala sisemi tena kwa uhakika wa mwanzo kwamba ninyi wa gereza mlikosea. Nimebaki katikati, na si pazuri kukaa.

Msalimie kaka mkubwa na mkewe, mwambie nashukuru kwa kahawa, hapa ofisini imeniongezea marafiki. Msalimie shangazi wa ng'ambo ya mto, na katekista wetu, mwambie huku kwaya ni nzuri ila haijui kunyamaza. Wajukuu wako wabusu wote.

Neno moja ambalo sijawahi kukuuliza. Nilikuwa shule ya msingi yule mtu alipovunja dirisha letu akachukua charahani ya Mama. Alifungwa gereza lile lile ulilokuwa unalinda. Uliondoka kila asubuhi kwenda kumfungulia mlango, ukarudi, na sisi tulikatazwa kukuuliza lolote. Mama aliacha kushona, akaanza kuuza ndizi. Nadhani sheria za kazi hazikukuruhusu kuongea naye. Lakini Mama je? Kuna aliyewahi kumuuliza?

Msomee barua hii, Baba, yote. Kisha muulize angependa kumwambia nini mtu yule. Na akianza kusema, tafadhali usimkatize.

Binti yenu awapendaye,
Stela