Bunga ya Chuma

Kazi moya, njo Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa pili 2026

Bila miye, teknolojia yote ya Katanga ingeshala inje, inyeshewe na mvua. Haiko kujisifu. Leo asubui baingénieur bote, hata bale ba diplôme ya Bulaya, balisimama pa mulango mukubwa na miavuli. Hakuna aliingia. Mpaka nilitokea na funguo. Basi! Ku karatasi ya kazi banaandika sentinelle, mulinzi wa mulango. Karatasi inayua nini?

Labo yetu iko ku route ya Kipushi. Kwa inje inafanana na dépôt ya ciment. Ndani kuko mashine moya inatengeneza bipande bya chuma bila kusubu, bila kukata. Banamwanga poudre ya inox, ile chuma haishikake kutu, laini sawa bunga ya muhogo, ila rangi yake ni ya majivu. Miye minaiita bunga ya chuma. Laser inapita juu, inayeyusha kidogo. Banamwanga tena, inapita tena. Kidogo kidogo mpaka kintu kinatoka. Nilimueleza jirani yangu Liévin, nikamuambia ile mashine tuliifikiri pamoja na Bajapani.
— Wewe na nani?
— Na Bajapani.
Akaingia mu nyumba yake. Wivu.

Sasa mambo ya maana. Mwipwa wangu Mapalo, mutoto wa yaya Chola, dada yangu mukubwa wa Mitwaba, iko anafanya stage humu, anajifunza kazi. Miaka mitano ya électromécanique, alimaliza na distinction. Mwezi huu stage inaisha. Place ya technicien wa mashine ni moya tu, na bastagiaire beko babili: yeye na kijana moya, Guelor, familia yake ni ya Kasai. Kila mutu anatengeneza turbine moya ya pompe, ya mugodi moya ya Kambove. Ile itatoka muzuri zaidi, mwenyewe anapata kazi. Ya Guelor ilitoka wiki iliyopita. Muzuri. Minaandika na uchungu.

Ya Mapalo ni kazi ine hii.

Kazi mbili, tarehe 3

Yaya Chola alipiga simu. Réseau ya Mitwaba ni ya kuhurumia, lakini ile sauti yake haiitaji réseau. Anasema: mutoto anapita mu mutihani mukubwa, na yomba wake iko palepale, anangoja nini? Mutieni pemba!

Iko na haki. Kwetu haiko baba njo anabariki, ni yomba. Unashika pemba, ule udongo mweupe, unapakaa mutoto ku paji ya uso na ku mikono, unasema maneno, njia inafunguka. Nikamuambia: yaya, usihangaike, pemba niko nayo. Ya babu mwenyewe! Aliitoshaka chini ya mayi kule Kilwa, pa ziwa Mweru, mamba ikimuangalia. Babu akaambia mamba: ngoja nimalize. Ikangoja.

Chola akasema hiyo hadisi hajaisikia siku moya. Nikamuambia weye ulikuwa mudogo. Kumbe yeye njo mukubwa. Hata hivyo.

Nikaambia pia Madame Ingénieur Christiane, mukubwa wa labo, kama niko na pemba ya babu. Na Guelor. Na dereva wa oxygène, ule anatuleteaka chupa za gaz. Bote bakashangaa.

Kazi tatu, tarehe 4

Mvua kutwa nzima. Nilipita ku soko. Nikazunguka. Nikarudi.

Pemba nilipata. Namna nilipata, haiko lazima kuandika.

Claudine, muke wangu, ananiuliza nilikuwa nafanya nini mu jikoni.

Kazi ine, tarehe 5

Siku mukubwa! Nilimungoja Mapalo pa guérite yangu, kile kibanda ya mulinzi. Nikakunjua kitambaa. Nikamupakaa ku paji ya uso, ku mikono. Nikasema maneno marefu. Hata mi mwenyewe nilishangaa yanatoka wapi. Mapalo ni jina ya Kibemba, maana yake baraka, basi nikaanzia pale, nikatembea mpaka kwa bababu ba Mweru. Alifunga macho. Alikuwa sawa ile siku ya communion yake ya kwanza. Kidogo machozi yanitoke.

Halafu akaenda ku robinet ya mayi, akaosha yote.

— Mapalo! Unaosha bababu?
— Yomba, usikasirike. Mu chumba ya poudre banakataza hata mafuta ya kujipakaa. Baraka imeisha kuingia, si vile?

Nikasema ndiyo. Lakini iliniumiza. Pemba inaoshwa na savon? Ile haijapata kuonekana. Nguvu inabakia mu mayi machafu, mutoto anaingia mikono mitupu! Blouse yake nyeupe ya kazi ilikuwa imetundikwa mu vestiaire, chumba ya kubadilia nguo, na funguo ya vestiaire nani iko nayo? Nikakunjua mukunjo wa mukono ya kuume, nikamwanga kidogo ndani. Kidogo tu. Nyeupe ndani ya nyeupe. Hata tai hangeiona.

Akaivaa. Akaingia. Mashine ikaanza. Sasa turbine ile iko na wenyewe, bababu.

Kazi tano, tarehe 6

Balifungua mashine saa ine. Nilisimama ku dirisha. Batosha turbine, bapiga brosse, bunga ya chuma inaanguka sawa mvua ya majivu. Ikang'ara! Nikapiga ngumi ku ukuta. Nikaambia dereva wa oxygène: unaona ile? Ni familia yetu.

Saa nane Madame Christiane akaikata kipande, akaiweka chini ya microscope. Matundu. Matundu madogo madogo, mengi, sawa mukate. Anasema ikizunguka mu pompe itapasuka.

Mapalo hakulia. Aliuliza tu: "Madame, naweza kuona tena?" Akaangalia. Akaangalia tena.

Jioni alipita pa guérite. Akasema: "Yomba, nilifuata kila kintu. Kila kintu." Nikamuambia mashine za Bajapani hazipendi mvua.

Siku ya posho, njo Jumamosi, tarehe 7

Hakuna kazi. Bukari, njo ugali, na mboga ya lengalenga. Claudine anasema bunga imepungua. Nikamuambia ni panya.

Kazi moya, tarehe 9

Leo ilikuwa nzito.

Mapalo alikuya mapema, mbele ya bote. Siye babili tu pa mulango, na ukungu. Alikuwa amefikiri siku mbili. Anasema poudre ile ilibakia mu mashine, ataipitisha mu tamis, ule chujio, kila kijiko. Kama kuko kintu kigeni, kitaonekana.

Kikaonekana. Mbegu ndogo nyeupe, chache, zingine zimeungua. Nilikuwa inje, naosha bioo bya dirisha, upande moya ulikuwa wazi. Bioo bilikuwa bisafi, nikabiosha tena. Madame Christiane akaita Mapalo na Guelor. Akatosha teinture d'iode mu sanduku ya dawa, ile banaweka ku kidonda. Akatonesha ku zile mbegu.

Zikageuka bluu. Bluu nyeusi!

— Amidon, akasema. Ni bunga ya chakula. Mutu amekula mu chumba ya poudre.

Bote bakaangalia Guelor. Bote banayua: Guelor na beignet, yale maandazi ya mama yake, ni mwili moya. Mufuko wake unanuka mafuta tangu asubui. Akainua mikono.

— Madame, minakulaka inje! Inje pa jiwe, Vieux Ruphin wa guérite mwenyewe ananionaka!

Akaniangalia kupitia kioo. Miye niliendelea kupanguza.

Madame akasema, sauti chini: turbine ya Guelor ilikuwa muzuri, na ya Mapalo imeharibika, na bunga inaingia katikati, basi hata kama haiko makusudi ni mambo mubaya. Guelor arudi kwao angoje. Kazi tatu atakata shauri. Mapalo anaweza kurudilia turbine yake.

Basi place ni ya Mapalo. Njia imefunguka. Bababu banafanya kazi namna yao, nani atabakosoa?

Usingizi kidogo.

Kazi mbili, tarehe 10

Guelor alikuya kutosha bintu byake. Buti, cahier, kikombe. Alisimama pa guérite. Sikuyua nimuangalie wapi.

— Vieux, unanionaka pa jiwe ao hapana?
— Minakuonaka.
— Basi?
— Basi, Madame hakuniuliza.

Akacheka kidogo. Haikukuwa kicheko ya kufurahi. Akafungua mufuko, akanipa beignet mbili, sawa kila siku. "Leo mama alitia sukari mingi," akasema, "alizania ni siku ya kunipa hongera."

Akaenda na mvua. Beignet niliziweka juu ya meza. Mpaka sasa ziko.

Mapalo naye hana furaha. Nilizania atacheza. Anasema: Guelor hangefanya vile. Anasema wakati alipoteza mahesabu ya laser, mu mwezi wa kumi, ni Guelor alikaa naye mpaka jioni. "Nikipata place sawa vile, Yomba, kila asubui nitawasha mashine na nitamufikiri."

Nikamuambia habari ya muntu wa Kilwa alishindaka mamba babili mu mukono moya. Hakusikiliza.

Kazi tatu, tarehe 11

Minaandika nikikaa ku banc, mu couloir, mbele ya bureau ya Madame Christiane. Mulango umefungwa. Mapalo iko ndani. Guelor anaitwa saa tano. Sasa ni saa ine na kitu.

Asubui niliamuka na ujasiri ya simba. Nikamuita Mapalo ku guérite. Nikasema: mwipwa, mwanaume anabebaka mambo yake. Ile kintu nyeupe, ni miye. Nilitia pemba mu mukunjo wa blouse yako. Ile ya babu. Ni nguvu iliyozidi, mashine haikuizoea. Basi usiwe na uoga, miye nitasema kwa Madame, ataheshimu, ni desturi.

Nilisema muzuri. Sawa député!

Halafu akasema, pole pole, namna anasemaka na mashine:

— Yomba. Pemba ni udongo?
— Udongo mutupu! Ya chini ya mayi.
— Udongo haigeuke bluu.
— Eh?
— Na iode. Kazi moya tulipima kila kintu cheupe mu labo, ili tuhakikishe. Craie, ciment, udongo ya chungu. Hakuna iligeuka. Ni chakula tu inageuka bluu.

Nikamuambia labda pemba ya Kilwa iko tofauti. Labda mamba...
— Yomba.

Akaniangalia. Macho ya Chola kabisa, ile siku nilianguka mu kisima nikasema nilisukumwa na upepo. Hakukasirika. Njo ile iliniumiza zaidi.

— Nitaingia kwanza, akasema. Nitamuambia ilikuwa mu blouse yangu. Ni blouse yangu, ni miye nilipashwa kuikunjua na kuitikisa mbele ya kuingia. Halafu weye utaingia, utamuambia ni nini. Nini kweli. Guelor asifike hapa kabla ya ile.

— Na place yako?

— Nitatengeneza turbine ingine, ao sitatengeneza. Lakini sitaki place inayokuya na ile bluu banamutupia Guelor.

Akaenda. Akagonga. Akaingia.

Sasa minasikia sauti ya Madame, haiko juu. Sauti ya Mapalo. Ya Madame tena. Mashine nyuma ya ukuta imezimwa, haijawahi kuzimwa saa hii. Iko sawa nyumba wakati mutu anagonjwa.

Nimekwisha kupanga maneno. Nitaanza na babu. Halafu Mweru, mayi baridi, halafu namna pemba ya kweli inaweza kuchanganyika na muhogo mu njia, sababu ya malori, sababu ya mifuko kupasuka mu barabara ya Kilwa, kila mutu anayua ile barabara. Ni hadisi muzuri. Hata Madame atatikisa kichwa.

Minairudilia mu kichwa. Kila mara nikifika pa mufuko kupasuka, minaona zile beignet juu ya meza.

Guelor amefika. Kupitia dirisha minamuona pa mulango mukubwa, na mwavuli. Funguo iko kwangu. Ananipungia mukono, mufupi tu, ile ya kuuliza. Ngoja kidogo, kijana.

Kitasa inazunguka.

— Papa Ruphin, ingia, anasema Madame.

Minaandika hii upesi, kabla ya kusimama, ili iwe mahali fulani bila mamba. Ilikuwa bunga ya muhogo. Ya Claudine, kikombe moya, mu ndoo ya jikoni. Kazi tatu ile nilizunguka soko yote, nikapita mbele ya kila mama muuzaji, na sikuuliza hata moya. Niko na miaka makumi tano na ine, niko yomba, na siyue pemba banauzishaka wapi.