Habari Isiyo na "Inadaiwa"

Jumatano. Mawingu yamefunga tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Ni jasho tu.

Sisi wa magazeti ya udaku tuna neno letu moja: "inadaiwa". Inadaiwa kafumaniwa, inadaiwa kamroga mke mwenzie. Ukishaliweka, hata wakili anakuacha upumue.

Jana mhariri alinipa habari iliyokwisha kuandikwa, na picha juu. Bi Mwanaidi, muuza vitenge wa Kariakoo, kafumaniwa gesti na mume wa mtu. Nikaisoma mara mbili. Hakuna "inadaiwa" hata moja. Nikajua hapohapo kwamba haikuandikwa na mwenzetu. Imetoka kwa wakubwa wa serikali, wasioogopa wakili.

Bi Mwanaidi ndiye anayeuliza hadharani kwa nini vizimba vipya vya soko wamepewa mashemeji na wapwa wa viongozi. Kesho ana mkutano na wafanyabiashara wenzake pale Mnazi Mmoja. Nani atamsikiliza sasa?

Nikamwomba mhariri tuweke japo "inadaiwa". Akacheka bila raha. "Dada, usiguse hata nukta. Wakinuna hawa, leseni hatuna."

Nikarudi mezani kwangu. Kazi yangu ilikuwa kichwa cha habari tu, nikakiandika: MAMA VITENGE AVULIWA KITENGE! Nikajiona fundi kweli.

Najichukia.

Leo mchana nilipita Kariakoo. Watu wamejazana kwenye meza ya magazeti, wanasoma ukurasa wa mbele bure kama kawaida yao, wanacheka. Nikataka kukatia kichochoroni, lakini Bi Mwanaidi, ambaye mimi ni mteja wake wa siku nyingi, alikwisha kuniona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Macho yamemvimba. Nikadhani kajua. Kumbe hajui. Akanishika mkono. "Mume wangu kahamia kwa dada yake. Wewe si uko humohumo magazetini? Nitafutie aliyeniandika. Simpeleki popote. Nataka anitazame usoni, basi."

Nikasema nitamtafuta.

Tangu hapo napiga hesabu. Nikisema habari ilikotoka, kazi sina, na wakubwa wale hawasahau mtu. Nisiposema, mama wa watu atapanda jukwaani kesho azomewe, na vizimba viishie hukohuko.

Kaniomba mtu mmoja tu, na nalijua jina lake. Kesho nitampelekea kabla mkutano haujaanza. Nitasimama mbele yake na wenzake wote wakisikia, nimwambie: mama, mtazame, ni mimi.

Ee Mungu, miguu isinigeuke njiani.