Karatasi Haikusema Umepona

Mpendwa Guka,

Wewe ni kitindamimba wetu, mwenye jina la babu, ndiyo maana nimekuita Guka tangu ukiwa na makamasi puani. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Jumamosi nilifika Kiuu, nikakuta karakana yako ya makochi imefungwa. Jirani aliapa hajakuona, huku redio yako ikisikika ndani. Nilichoka hata kukasirika. Nikarudi zangu Makongeni.

Unakumbuka India, ulipowekewa moyo wa mtu tusiyemjua? Walikuwa wakikupitishia waya shingoni, wakimega kipande kidogo cha huo moyo, waone kama mwili umeanza kuukataa. Ulinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Basi tuliporudi nyumbani na daktari wa hapa akatuambia kuna njia ya kutoa damu tu, ulicheka, na sikuwa nimekusikia ukicheka kwa miezi. Alitueleza polepole: chembe nyeupe za damu ndizo askari wa mwili, na kabla moyo haujaumizwa sana, jeni fulani ndani ya askari hao huanza kubadili mwendo. Damu inapelekwa ng'ambo, jeni zinapimwa, linarudi jibu la namba moja. Namba ikiwa ndogo, waya unaweza kungoja.

Yako ilirudi ndogo. "Hii ni habari ya sasa," daktari alisema. "Baada ya miezi mitatu nataka damu nyingine." Wewe ulitikisa kichwa kukubali. Mimi nilisikia ile nusu ya kwanza peke yake.

Hapo ndipo nilipokukosea. Mimi ndiye niliyemwendea mchungaji kuomba siku ya shukrani, nikawaita akina mama wa kikundi, tukaponda mukimo, viazi na mahindi, wa kushibisha kanisa zima. Ulininong'oneza, "Dada, si tungoje kidogo?" Nikakujibu, "Mungu hangojewi." Ukasimama mbele ya watu, karatasi ya jibu la damu mkononi, ukasema umepona. Watu walilia, wakaimba, wakasukuma viti ukutani. Mimi nilicheza kuliko wote, na goti langu hili bovu.

Miezi mitatu ilipofika ukagoma. "Aki dada, nikionekana hosi kwa daktari tena, si watasema nilidanganya Mungu mbele ya kanisa?" Ushuhuda ule niliupika mimi mwenyewe. Nikasema basi, wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo sasa ina miezi mitano.

Mara ya mwisho ulipokuja kwangu ulisimama mara mbili kwenye ngazi ukivuta pumzi. Ukasema ni joto. Ilikuwa Julai, Guka, na mimi nilikuwa nimevaa sweta mbili.

Nimechoka. Nimechoka kuulizwa sokoni, "Na yule kijana wetu wa muujiza?" nikijibu uko salama. Nimechoka kukupigia simu nikijua unaitazama ikilia. Naogopa kukuzika, nalisema waziwazi kwa sababu tumelizunguka vya kutosha.

Kwa hiyo jana, wakati wa shuhuda, niliomba kipaza sauti. Nikasema hukupona, umepewa kuishi, na mwenye moyo wa kupewa huangaliwa siku zake zote. Nikasema karatasi ile niliisoma vibaya mimi, na wewe nilikusukuma. Hakuna aliyeimba. Mchungaji alitazama viatu vyake. Nikaona nimeharibu, nikaanza kurudi mahali pangu.

Ndipo Mama Wangari, yule mwenyekiti wa kikundi, akasimama bila kuitwa. "Mimi hapa nilishuhudia sukari imeisha," akasema. "Haikuisha. Hata leo asubuhi nimejidunga sindano, nimejifungia chooni watoto wasione." Akaketi akilia. Mzee mmoja akasimama baada yake, kisha mwingine, nao wakasema yao.

Watu uliokuwa ukijificha wasikuone, kumbe nao walikuwa wamejificha.

Nesi anatungoja hospitalini Alhamisi hii saa mbili asubuhi. Namba ikirudi kubwa, tutajua tukiwa bado na la kufanya. Njoo tu. Sitakuuliza ulikuwa wapi. Na kama utaona aibu mlangoni, Mama Wangari atakuwa ndani tayari. Ameniambia atakaa kiti cha mbele, mkono wa nguo umekunjwa, atolewe damu ya kupima sukari, ili wewe usiwe wa kwanza.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda kwa uchovu wote huu.