Kamera Niliyoigeuza Initazame

Mama Nyambura, mke wangu,

Niwie radhi, kwanza kabisa, kwa jambo ambalo hukulijua ukiwa hai. Ile baiskeli nyeusi niliyokuwa nikikupeleka nayo soko la Chaka sasa ina injini. Magoti yangu yalikataa kukanyaga pedali mlimani, nami nikamwomba fundi anifungie mashine ndogo ya petroli. Najua ungeguna. Ulipokaa nyuma kwenye keria, kapu la karoti mapajani, ulinivuta koti kila nilipoinua kofia kumsalimu mtu. "Shika usukani," ulikuwa ukisema, "watu watasalimiwa kanisani."

Binti yetu naye hakuipenda injini hiyo. Alikuja kutoka Murang'a na kamera ndogo ya kufungwa kwenye usukani, akasema atatazama ninavyoendesha, na akiona nayumba, baiskeli itauzwa. Aliikaza kwa skrubu ikielekea barabarani. Alipoondoka niliifunga pia kwa mpira wa blada, ule wa tyubu kuukuu, maana skrubu ile sikuiamini, kisha nikaigeuza initazame mimi. Walimu wetu wa misheni walitufundisha kwamba mtu hapigwi picha kabla ya kuombwa ruhusa, nami nisingeweza kusimama kwa kila mchungaji wa ng'ombe kati ya hapa na Chaka.

Asubuhi moja, nikirudi kutoka Chaka, nilimpita Mama Wahome, jirani yetu wa boma la chini, yule mliyekuwa mkibadilishana mbegu za viazi. Alikuwa kando ya barabara, amemshika mbuzi wake kwa kamba. Nilihisi mshtuko kwenye gurudumu. Nilipogeuka, yeye alikuwa chini, ameukumbatia mkono wake. Unanijua. Kabla sijauliza lililotokea, nilikuwa nimekwisha kuvua kofia na kupiga magoti, nikiomba msamaha mbele ya watu waliokuwa wakingoja gari la maziwa. Hakuna hata mmoja wao aliyeona chochote, lakini wote walinisikia. Mama Wahome mwenyewe hakukumbuka alivyoanguka. Akaniamini mimi, nami nikajiamini. Mkono wake ulikuwa umevunjika.

Kwa wiki mbili baiskeli ilikaa stoo. Jumapili zote mbili nilibaki kwenye benchi la nyuma wenzangu walipoiendea Meza ya Bwana. Si kwamba alinilaumu; aliniletea hata maziwa ya mgando kwa mkono ule mzima, jambo lililoniaibisha zaidi. Niliwaza kwamba ikiwa nimemgonga mwanamke wa umri wake pasipo kumwona, basi nimekuwa mtu wa hatari, na sistahili tena kuaminiwa barabarani. Kamera sikuthubutu kuitazama. Niliogopa kitakachoonekana humo.

Jumamosi Nyambura alifika, akayafungua yaliyomo kwenye kamera kwa simu yake, akaanza kulalamika.

"Baba, kamera umeigeuza. Natafuta barabara, naona tu ndevu."

Kisha akarudia kutazama, akatoka kwenda kumwita Mama Wahome. Tulikaa watatu kwenye meza yako. Kwenye picha, nyuma ya bega langu, jirani yetu alionekana, nami nimekwisha kumpita, amesimama salama na umbali ukizidi. Ndipo mbuzi alipoyaona majani ng'ambo ya mtaro, akaruka, na kamba ikamzunguka Mama Wahome miguuni.

"Kumbe ni mbuzi yangu," alisema, akacheka mpaka mkono ukamuuma. "Na wewe, Baba Nyambura, ulikuwa unaniomba msamaha ya mbuzi?"

Nikamwomba radhi kwa kumwomba msamaha, wakazidi kucheka. Nami nilicheka, mke wangu, huku nikiishika meza. Lakini bado sikuridhika. Niliuliza juu ya ule mshtuko niliouhisi, maana nisingependa kusamehewa kwa haraka. Nyambura akarudisha nyuma kidogo, akaongeza sauti. Uso wangu ulitikisika, kisha ikasikika sauti yangu ikisema, kwa utulivu wa mtu asiye peke yake:

"Samahani, Mama Nyambura, hilo shimo sikuliona."

Nyambura aliniuliza kama huwa ninasema hivyo kila mara. Nilimjibu kwamba sikujua kuwa ninasema lolote. Akaitazama safari yote, kwenda na kurudi. Penye kila shimo nilikuwa nimekutaka radhi, na kwenye mteremko nikakuuliza kama umekaa vizuri. Mama Wahome aliufunika mdomo kwa leso.

Nilitazamia binti yetu aseme kwamba akili yangu imeanza kunitoka, na kwamba baiskeli ni ya kuuzwa. Aliiweka simu mezani, akaenda stoo mwenyewe, akaitoa baiskeli hadi uani, akapangusa kiti na keria.

"Endesha tu, Baba," alisema. "Unaendesha kama mtu aliyebeba mtu."

Pumzika vyema, mpenzi wangu. Na popote nitakapokutikisa tena, niwie radhi.

Mumeo mwenye moyo mwepesi,
Baba Nyambura