Wanakuja Tena Kujifunza Kwetu

Mume wangu mpendwa, Baba Zuhura,

Nakuandikia nikiwa nimefura. Najua ungeniambia ninywe maji kwanza. Nimeshakunywa, hayakusaidia kitu.

Wale watu wa manispaa wamerudi. Wana wageni tena, safari hii kutoka Norwe na Denmaki, wanaokuja kutazama jinsi Uswidi inavyoishi vizuri na wahamiaji na jamii za wachache, ili wakaige kwao. Wameniomba nivae kanga, nikaange sambusa, nisimulie habari za darasa lako la Kiswahili. Darasa lenyewe wamelifunga, na wewe hata mwaka hujamaliza kaburini.

Unakumbuka ulivyolianza? Ulikuwa ukitoka kazini ghalani kule Jordbro, mgongo unakuuma, unapanda treni mpaka shuleni hapa Bredäng. Walikupa kichumba kando ya mashine za kupasha joto, ukasema angalau watoto hawatasikia baridi. Zuhura alikaa mbele, akijibu hata maswali ya wenzake kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiswidi, nawe unajifanya humjui kama ni mwanao. Nilikuwa nawahi kuja kuwachukua ili nisimame mlangoni nikusikilize. Nilikupenda sana pale mlangoni.

Kisha wakaja wageni wa kwanza. Walikuuliza mbele ya maofisa kama kuna upungufu wowote. Vitabu hamkuwa navyo, masomo yote ulikuwa unayanakili kwa mkono. Ukatabasamu, ukasema hakuna upungufu, tunashukuru. Aino, yule jirani yetu Mfini wa ghorofa ya juu, aliposikia alishuka kwetu kwa hasira. Yeye na Wafini wenzake walikuwa wamewazuia watoto wao wasiende shule mpaka wakapewa walimu wa lugha yao, na alikwambia wazi kwamba hapa anayenyamaza hapewi kitu. Alipoondoka nilikuuliza kwa nini ulidanganya. Ukanijibu polepole:

"Tumekaribishwa, Mama Zuhura. Utamsemaje mwenyeji mbele ya wageni wake?"

Ndivyo tulivyolelewa Tanga. Ukiletewa chai isiyo na sukari, unakunywa na kushukuru. Lakini hawa hawakulelewa Tanga, wakaichukua adabu yako wakaifanya ushahidi. Nilipokwenda kulipigania darasa, ofisa alinitazama kwa upole ule wao unaochosha, akasema, "Mume wako mwenyewe alituambia hakuna kinachokosekana." Akaongeza kwamba watoto wenyewe ni wachache, na Kiswidi chao kinatosha.

Nilikukasirikia hata wewe, Mungu akurehemu, kwa kuniachia shukrani zako nizibebe. Wanaosifiwa kwa ukarimu ni wao, na wanaovishwa kanga ni sisi.

Wangekuja wauone ukarimu huo sebuleni kwangu. Mama yako ametuma kaseti nyingine. Anamsimulia Zuhura utoto wako, anacheka peke yake, kisha anamwita kwa jina na kunyamaza kidogo, kana kwamba mtoto yuko mbele yake na atamwitikia. Zuhura, ambaye tangu uondoke Kiswahili kinazidi kumtoka, akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswidi bibi anasema nini. Ikabidi nizime kaseti nimtafsirie maneno ya bibi yake wa damu. Nililia jikoni, maji ya bomba yakitiririka ili asinisikie.

Sasa nimewajibu manispaa kwamba nitakuja. Sambusa sikaangi. Nitawaambia wageni hao wasiige kitu kabla hawajauliza kimebaki nini, na nitawaambia kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, maana ndiyo lugha wanayoambiwa imetunzwa. Ofisa akataka kujua nani atatafsiri. Nikamwambia, "Binti yangu, aliyesoma kwenye darasa lenu hilo mnalojisifia."

Sikutaka kumshtukiza mtoto. Jana nilimweleza yote, nikamwuliza kama ataona aibu kusimama mbele ya watu na kushindwa. Alifikiri, akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Mimi nasema sijui. Baba kasirika?"

Nimemwambia hapana, mwenye kukasirika ni mimi.

Mkeo, nisiyeshukuru tena kwa niaba yako,
Mama Zuhura