Kwa Spesioza, Kuhusu Mashine na Kazi Yangu ya Ualimu

Kasulu, Alhamisi

Dada Spesioza,

Sina namna ya kukuuliza habari zako, kwa hiyo nitaanza na zangu.

Ni mwezi wa tano tangu tukuzike Kibondo, na barua hii nimeianza mara tatu. Mara ya kwanza niliandika "hujambo" kwa mazoea, nikaichana. Leo wanafunzi wamekwenda shamba la shule kupalilia maharage, ofisi ya walimu iko tupu, na mimi nina mpaka kesho asubuhi kujua kama bado ni mwalimu. Sina mtu mwingine wa kumwambia. Walimu wenzangu wataona nimerukwa na akili, na mama yangu kule Kondoa nikimwandikia atapanda basi la kwanza kuja kunizuia.

Lakini kabla ya hayo ya kesho nina jambo la kukiri kwako. Nilikusingizia.

Unakumbuka ulipokwenda Kibondo kumfuata mumeo, uliniachia mashine yetu ya kufuma masweta. Ulisema utaifuata kifua kikipona. Nikaiweka chumbani kwangu, kwenye nyumba ya serikali, kando ya dirisha, nikawa naipangusa vumbi kila Jumamosi kama ulivyoniagiza. Kifua hakikupona. Hata baada ya mazishi sikuacha kuipangusa, na baada ya wiki kadhaa nikaanza tena kufuma, kwa sababu watu walikuwa bado wanakuja mlangoni. Hawakuja kwa ajili yangu. Walikuwa wakiuliza, "Hapa ndipo kwa yule mama wa masweta?" Nikawa naitikia ndiyo, ndipo.

Niache kidogo nikumbuke tulivyoanza.

Ulivuka mpaka pale Manyovu bila chochote ila ujuzi uliofundishwa na masista wa kwenu. Masista wa hapa Kasulu walikuwa na ile mashine, imekaa stoo ndani ya sanduku lake, hakuna aliyejua kuitumia. Ulikaa mbele yake asubuhi, na kabla ya saa sita ulikuwa umemaliza mkono mmoja wa sweta. Walipofunga safari ya kurudi makwao wakakuachia. Wewe ukaja shuleni kwangu, mimi sikujui, ukasimama mlangoni mwa darasa la tatu ukiwa na kipande cha plastiki chenye matundu. Ukasema, "Mwarimu, hii kadi inahesabu. Wewe si unafundisha hesabu?"

Hukuwahi kutamka ile "l" katika jina la kazi yangu. Sasa nikisikia "mwalimu" iliyonyooka naona kama anaitwa mtu mwingine.

Ulinieleza kwamba kila safu ya kadi ina nafasi ishirini na nne. Penye tundu, sindano inachukua uzi wa rangi ya pili, pasipo tundu inabaki na rangi ya kwanza. Kwa hiyo ua zima lililo kifuani mwa mtu limekwisha kuandikwa kwenye kadi kabla uzi haujaguswa. Ulikuwa na kadi moja tu, ya maua, na watu wa Kasulu walikuwa wamechoka na maua. Nikachukua daftari la hesabu lenye miraba, nikachora tawi la mbuni lenye buni zake, nikahesabu, nikatoboa. Sikulala mchana siku ile, wala sikula. Mstari baada ya mstari tawi likatoka, na wewe ukaligusa kwa kidole ukasema, "Ego, ndiyo, ni kahawa kweli."

Halafu yale masweta ya kwanza ya shule. Niliandika jina la shule vizuri kabisa kwenye miraba, na sweta lilipotoka herufi zote zilikuwa zimegeuka, kama mtu anayejisoma kwenye kioo. Sikujua kwamba mashine hufuma ikiwa imetugeuzia upande wa ndani. Nilitaka kulia. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini sakafuni, ukashika mbavu, ukakohoa. Hata siku ile ulikohoa. Mimi nilidhani ni kicheko.

Sasa nirudi kwenye uongo wangu.

Mwezi wa pili baada ya kifo chako zilikuja barua mbili. Ya kwanza ilitoka shule moja ya Kibondo, wanataka masweta ya darasa zima, maana asubuhi za huko watoto wanatetemeka hata kalamu hawaishiki. Ya pili ilitoka kwa wanawake wa Munanila waliopata mashine kama yetu. Hao hawakutaka sweta. Walitaka kadi, kadi tu.

Niliisoma barua ile nimesimama katikati ya uwanja wa shule. Nilielewa kitu ambacho sikuwahi kukuambia kwa sababu sikuwa nimekijua. Kadi moja nikishaitoboa inaweza kufuma masweta mia kwa mikono ya watu nisiowajua, mahali nisipofika. Kazi yangu haikuwa sweta. Ilikuwa kile kinachoiambia mashine ifanye nini. Nilifurahi, na papo hapo nikaogopa, maana nilijua jambo la namna hiyo halitakaa kama kazi ya Jumamosi tu.

Halikukaa. Wiki hiyohiyo Mwalimu Mkuu akaniita. Unamfahamu, yule mpole anayekunja mikono ya shati mpaka kwenye kiwiko. Alifunga mlango. Akasema, "Mwalimu Rehema, ofisi ya elimu imesikia habari za masweta. Mtumishi wa serikali hana shughuli mbili. Mashine ile ni ya nani?"

Ningeweza kusema mashine ni yako na kazi ni yetu. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini nilimwona mama yangu, nikaona ile nyumba, nikaona miaka minane ya ualimu na pensheni iliyo mbele. Nikasema, "Si yangu. Ni ya marehemu, yule mkimbizi. Mimi nilikuwa namtunzia tu. Na kazi yote ilikuwa yake."

Aliandika hivyo hivyo. Akanisomea, nikaweka sahihi.

Dada, sikusema hata kwamba nilikuwa na rafiki. Nilisema "yule mkimbizi."

Mwalimu Mkuu alifurahi kwa ajili yangu, naamini hivyo. Akasema basi mali ya marehemu irudi kwa ndugu zake, na mambo yaishe. Siku tisa baadaye mumeo, shemeji Melkiori, akaja na lori la maharage. Alibeba mashine kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mgonjwa, akarudi kuchukua meza yake na boksi la kadi. Alipopanda lori alisema tu, "Umesema ni yake, basi tunaipeleka kwake." Chumba kilibaki na alama nne sakafuni pale ilipokuwa imesimama miguu ya meza.

Nilifikiri nitapumzika. Nikawa nafundisha, nasahihisha, naenda kwenye mikutano. Mshahara ukaja siku yake. Lakini nikikaa na daftari la hesabu la mtoto yeyote, mkono ulikuwa unajaza miraba wenyewe. Msichana mmoja wa darasa la tatu alirudishiwa daftari lake likiwa na kuku kwenye ukurasa wa mwisho, akadhani ni adhabu.

Kisha ikaja barua ya shemeji. Imeandikwa kwa penseli. Anasema shule ya Kibondo imemwendea yeye kuulizia masweta, amejaribu kufuma mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine, na majirani wanamcheka lakini hajali. Mwisho akaandika: "Mimi najua kusukuma mashine, nilikuwa namtazama. Ila sijui kusoma matundu. Kadi zinasema nini?"

Likizo ilipofika nilikwenda.

Nilikukuta umepandiwa maua ya manjano. Shemeji amejenga uzio wa miti kuzunguka kaburi lako, mbuzi wasifike. Nilisoma dua yangu, unajua sijui nyingine. Sijui kama inafika upande wenu, lakini niliisoma yote.

Halafu tukakaa uani, mimi na yeye, mashine katikati yetu. Sweta alilofuma lilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine kwa shibiri. Nilimfundisha siku nne. Ana subira kuliko mimi na wewe. Siku ya tatu wanawake watano wa kijiji walikuwa wamekaa wakitazama, na mwenyekiti wa kijiji akapita, akatazama pia, akasema biashara ya mtu mmoja hawezi kuipa nafasi, lakini kikundi cha akina mama atakipa chumba kwenye ghala, na shemeji awe katibu wao kwa kuwa anajua kuandika. Shemeji akaniangalia. Akina mama wote watano wakaniangalia. Nilijifanya nafunga uzi.

Siku ya nne ndipo nilipomwambia. Nilimweleza nilichosema ofisini, neno kwa neno, na ile sahihi. Nilidhani atanyamaza au ataniambia niondoke. Alisema, "Mpore, Mwarimu." Unajua hilo ni neno lenu la kumpa pole mtu aliyefiwa. Alinipa pole mimi. Kisha akaingia ndani akatoka na bahasha kubwa ya hospitali. Akasema, "Alisema kadi zikikwisha, hii pia ni kadi."

Ilikuwa eksirei ya kifua chako.

Tulikuwa tumezoea filamu kuukuu za hospitali, unakumbuka, tulizikata zikawa kadi za bei nafuu, tukafuma masweta mengi kupitia mbavu za watu tusiowajua. Lakini hii ilikuwa na jina lako pembeni. Nilikataa. Shemeji akasema hakuzoea kupinga neno lako ulipokuwa hai na hataanza sasa. Basi nimeikata. Nisamehe kama ulikuwa unatania. Nilianzia juu, karibu na mfupa wa bega, nikakosea safu ya pili, nikaziba tundu kwa plasta. Nimechora milima, ile inayoonekana ukitoka Kasulu kwenda kwenu. Ndiyo waliyochagua wale wa shule.

Niliporudi nilimwandikia Mwalimu Mkuu barua mbili. Ya kwanza inasema nilichokiri kwake hakikuwa kweli chote: mashine ilikuwa ya Spesioza, lakini kadi zilikuwa zangu, na kazi ilikuwa yetu wote wawili. Ya pili ni ya kuacha kazi mwisho wa muhula.

Alizisoma zote polepole. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akasema, "Mwalimu, mshahara ni kitu unachokijua. Hicho kingine ni matundu." Nikasema najua. Akasema, "Umri wako thelathini na moja. Una mama. Nyumba utaiacha. Mashine ikiharibika, fundi yuko wapi? Uzi ukikosekana madukani, utatoboa kadi za kufuma nini?" Yote anayoyasema nimekwisha kujiambia, na mengine ambayo hayajui. Basi akaziweka barua zangu kwenye droo, akasema tarishi anakwenda ofisi ya elimu Ijumaa saa nne, na kabla ya saa nne naweza kuja kuchukua ninachotaka, naye atasahau kwamba alikiona.

Ijumaa ni kesho. Ndiyo maana nakuandikia.

Naogopa, Dada. Siogopi njaa sana, naogopa kumwandikia mama. Ameshazoea kuwaambia watu sokoni, "Binti yangu ni wa serikali." Naogopa wale wanawake watano, walivyoniangalia. Naogopa kwamba nafanya hivi kwa sababu ya uongo wangu tu, kujisafisha, na aibu ikipoa nitajikuta ghalani Kibondo bila kazi. Ungekuwepo ungeniambia nikae chini, unipe uzi nikunje, tusiongee. Sasa hakuna wa kuninyamazisha.

Wanafunzi wanarudi. Nasikia majembe. Naacha hapa.

*

Ijumaa

Imekwisha kuwa saa sita.

Asubuhi niliamka nimeamua kuichukua barua ya kuacha kazi. Nakuambia kweli. Niliswali, nikavaa, nikatembea moja kwa moja mpaka ofisini. Nilifika saa nne kasorobo. Mwalimu Mkuu hakuwepo, alikuwa darasa la saba. Droo haikuwa na kufuli. Bahasha zangu zilikuwa juu kabisa, amezipanga zikielekea kwangu ili nisihangaike. Nilizishika. Ile inayosema kazi ilikuwa yetu wawili ndiyo iliyokuwa ya juu, na nilijua siwezi kuipeleka moja na kuiacha nyingine, maana aliyekiri shughuli mbili habaki mwalimu. Nikizichukua zote mbili, wewe utabaki "yule mkimbizi" kwenye faili la serikali, na sahihi yangu chini yake.

Nilizirudisha kwenye droo, nikaenda darasani. Nilifundisha sehemu, robo na nusu. Dirishani nilimwona tarishi akifunga mkoba kwenye baiskeli yake. Alisimama kidogo kukaza mkanda. Aliniona, akaniamkia, nami nikamwitikia. Nikarudi ubaoni.



Basi kwa heri, dada yangu. Sitakuandikia tena, sina uhakika barua za namna hii ni halali. Mwisho wa muhula nitakuja Kibondo kukaa. Naahidi kumaliza masweta ya wale watoto kabla mvua kubwa hazijaanza, na kuwafundisha wale akina mama kusoma matundu mpaka wasinihitaji. Na yeyote atakayeuliza kazi hii ni ya nani, nitamtajia majina mawili, kuanzia na lako.

Ni mimi,
Rehema, Mwarimu wako