Gauni la Kijani na Mlango wa Jikoni

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. U hali gani huko, na lile goti bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku wazima wa mwili. Hayo mengine ndiyo yaliyonikalisha hapa kukuandikia.

Unakumbuka nilikwambia kuna vijana wanatafuta nyumba ya kurekodia filamu? Basi walikuja. Hadithi wameitoa kwenye riwaya: mke anachoka na mumewe, anafunga begi, anatokea mlango wa jikoni bila hata kuaga. Kampuni hawana, tajiri hawana, taa zenyewe za kuazima. Mwongozaji wao, dada mmoja mwembamba mwenye sauti ya king'ora, aliupenda mlango wetu wa jikoni kuliko sisi wenye nyumba.

Mavazi yakapungua. Mdogo wangu, Bwana Haraka, si unamjua, mdomo wake hauna breki, akasema kabatini kuna gauni la kijani la marehemu mama. Sikukataa. Nilidhani nitafurahi kuliona linatembea tena.

Lo, Mama Mdogo! Mwigizaji alipolivaa akainama kuchukua begi, nilimwona mama. Mgongo ule ule. Nikatoka uani nikalia weee, kisha nikanawa uso nikarudi.

Kumbe wa kuhurumiwa hakuwa mimi. Baba alikuwa kwenye kiti chake pembeni, na unajua kumbukumbu zake siku hizi zinavyokwenda na kurudi. Akamwona mkewe anabeba begi, anafungua mlango, anaondoka. Mwongozaji akapaza sauti, "Rudia!" Mke akarudi, akabeba begi, akaondoka tena. "Rudia!" Asubuhi nzima shemeji yako anaachwa, na sisi tunadhani amesinzia.

Vijana walishamaliza wakaenda zao. Gauni wamelifua na kulirudisha, limekunjwa vizuri. Ila Baba amesahau hospitali, amesahau mazishi, anachokumbuka ni ule mlango tu. Hataki ufungwe. Anakaa jikoni ananiuliza, "Mama yako nimemkosea nini?" Nikimwambia mama alifariki, na yeye mwenyewe alikuwa amemshika mkono, anapokea msiba upya. Analia kama siku ile. Akimaliza chai, anauliza tena. Sasa nimeacha kumwambia, na kumtazama usoni siwezi.

Mwongozaji aliposikia aliumia sana, akamleta yule mwigizaji waombe radhi. Alikuja amevaa nguo zake mwenyewe. Baba hakumtambua. Alimkaribisha kiti, akamwambia kwa upole, "Binti, ukikutana na mke wangu huko nje, mwambie sijafunga."

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikiisikia sauti yako hili halitatoka. Sauti yako na ya mama ni moja. Ulikuwa ukitupigia, tunakuita mama kwa kukufananisha, nawe unanyamaza kwanza, halafu unaangua kicheko.

Sasa nakuomba, mpigie Baba. Usijitaje. Mwambie hukukasirika, na kwamba hajakukosea kitu. Najua ninachokuomba ni kizito, kumsemea dada yako aliye kaburini. Moyo ukikataa, sitakulaumu hata kidogo. Lakini mtu huyu aliishi na mama vizuri miaka yote, na sasa atakufa akijiona mume aliyekimbiwa. Hilo mimi nashindwa kulibeba.

Msalimie Baba Mdogo na wale mapacha watundu. Bwana Haraka anakuamkia, siku hizi amepoa kidogo. Mungu akulinde uingiapo na utokapo.

Na ukishamaliza na Baba, tafadhali usikate simu. Nitakuwa nimesimama pale pale kando yake. Na mimi niite mara moja tu, kama mama alivyokuwa akiniita.

Mwanao akupendaye daima,
Kifungua mimba wa dada yako.